Shule binafsi ya msingi kwa mtoto mdogo: tumtazame kwanza mwalimu wa darasa la kwanza, matokeo ya darasa la saba yaje baadaye

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mwaka ikifika Septemba, matangazo ya nafasi za masomo hujaa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mbagala hadi Bunju, na wazazi wenye watoto wa miaka mitano na sita huanza kuulizana swali lilelile: nimpeleke shule gani? Majibu mengi huwa ni majina ya shule tu, na kila jina hufuatana na sifa moja, kwamba shule hiyo inafaulisha sana. Kwa mtoto anayeingia awali au darasa la kwanza, naamini sifa hiyo ndiyo inayomsaidia mzazi kidogo kuliko nyingine zote, na kwamba mtu wa kuchunguzwa kwanza kabisa ni mwalimu atakayemfundisha mtoto huyo kusoma. Nitaeleza sababu zangu kwa kirefu. Nazungumzia zaidi Dar es Salaam ninakoishi, lakini walioko Mwanza, Arusha, Dodoma na Mbeya wataona mengi yanawahusu.

Nianze na hayo matokeo. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, na kwa maoni yangu lilifanya jambo la busara. Shule hazikuacha kujitangaza. Mabango yenye picha za watoto na alama A yako kila kona. Hata hivyo matokeo ya kila shule bado huwekwa wazi kwenye tovuti ya Baraza, ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, yakionyesha idadi ya watahiniwa na madaraja waliyopata. Wazazi wengi hutazama wastani tu. Mimi nawashauri mtazame idadi.

Chukua shule unayoifikiria, tafuta matokeo yake ya darasa la nne ya mwaka 2021, kisha matokeo yake ya darasa la saba ya mwaka 2024. Kwa kawaida kundi hilo linapaswa kuwa la watoto walewale. Ukikuta darasa la nne walifanya watoto 70 na miaka mitatu baadaye darasa la saba wakafanya 45, unayo haki ya kumuuliza mwalimu mkuu wale 25 walikwenda wapi. Wapo waliohama na wazazi wao, wapo waliopelekwa bweni, na hayo ni mambo ya kawaida. Ndiyo maana usihukumu kwa mwaka mmoja. Lakini ukirudia hesabu hiyo kwa miaka mitatu mfululizo na kila mara kundi likawa linapungua kwa kiwango kilekile, basi shule hiyo ina mchujo. Mtoto asiyefikisha wastani wa shule hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa ofisini na kushauriwa kwa lugha laini amtafutie mtoto "shule inayomfaa". Wizara imekemea tabia hiyo zaidi ya mara moja, na bado ipo. Shule ya namna hiyo itakuwa na alama A nyingi kila mwaka, na bango lake halitasema uongo wowote. Litakuwa tu halikuwahesabu walioondolewa njiani. Mzazi wa mtoto wa miaka mitano hajui bado mtoto wake ataangukia upande gani wa mchujo huo.

Kuna sababu ya pili ya kutoyategemea matokeo ya darasa la saba: darasa la saba lenyewe linaondoka. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa kuanzia na awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, sambamba na kundi la mwisho la darasa la saba. Mtoto unayempeleka shule leo atasoma kwa mtaala ambao bado haujatoa mhitimu hata mmoja wa elimu ya msingi. Swali la maana kwa mwalimu mkuu ni kama walimu wake wa madarasa ya chini wamepata mafunzo ya mtaala huo, na kama vitabu anavyotumia vimetolewa au vimepewa ithibati na Taasisi ya Elimu Tanzania. Nimeshuhudia shule ambapo mtaala ni mpya kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na vitabu mezani ni vya zamani.

Sasa nije kwa mwalimu wa darasa la kwanza, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo zima.

Shule nyingi huwapanga walimu wao hodari darasa la nne na la saba kwa sababu huko ndiko kwenye mitihani ya taifa. Darasa la kwanza na la pili hupewa anayeanza kazi, au anayesubiri ajira ya Serikali. Nafasi zikitangazwa, anaondoka katikati ya muhula na watoto wanabaki na mwalimu wa tatu ndani ya mwaka mmoja. Mtu mzima anaweza kuvumilia mabadiliko hayo. Mtoto anayejifunza kuunganisha herufi na sauti hawezi, kwa sababu kila mwalimu anakuja na njia yake, na mtoto aliyekuwa ameanza kushika analazimika kuanza tena. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ada, muulize mwalimu mkuu maswali mawili: mwalimu wa darasa la kwanza wa mwaka huu alikuwa hapa mwaka jana? Na mwalimu wa darasa la pili je? Ukisikia kwamba wote wawili wana miaka kadhaa shuleni hapo, umepata habari njema kuliko bango lolote.

Kisha omba kukaa darasani nusu saa, nyuma kabisa, bila kusema neno. Shule zisizokuruhusu kabisa kukanyaga darasani wakati wa masomo zina jambo la kueleza. Ukiwa ndani, usiangalie rangi ya kuta wala televisheni. Sikiliza kama watoto wanaimba majina ya herufi kwa pamoja huku macho yako dirishani, au kama mwalimu anawafundisha sauti za herufi na kuwataka waunde neno jipya. Tazama anavyomshughulikia mtoto aliyekosea. Omba kuona madaftari ya watoto watatu walioketi sehemu tofauti za darasa. Kama yote yana sentensi zilezile zilizonakiliwa ubaoni, bila kosa hata moja na bila kazi yoyote ya mtoto mwenyewe, hapo watoto wananakili, hawaandiki. Tazama kama mwalimu amesahihisha na kuweka tarehe. Hesabu watoto waliopo. Kiwango cha Serikali ni watoto wasiozidi 45 kwa darasa la msingi na 25 kwa awali, na mzazi anayelipa ada kubwa halafu akakuta watoto 50 wamebanana ana sababu ya kuuliza fedha zake zinakwenda wapi.

Na jambo lililo rahisi kuliko yote: ukiruhusiwa, mpe mtoto wa darasa la pili kitabu cha hadithi ambacho hajawahi kukiona, umwombe akusomee ukurasa mmoja. Kitabu cha darasani watoto hukikariri, wengine husoma huku macho hayapo hata kwenye mstari. Kitabu kigeni ndicho kitakachokuonyesha kama shule hiyo inafundisha kusoma.

Suala la lugha nitaligusa kwa uangalifu kwa sababu najua lina hisia. Wengi wetu tunapozungumzia shule binafsi tunamaanisha shule zinazofundisha kwa Kiingereza, na sina ugomvi na uamuzi wa mzazi kumtaka mtoto wake ajue Kiingereza vizuri. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni shule kumwadhibu mtoto wa miaka sita kwa kusema Kiswahili, kumvalisha kibao shingoni au kumfanya awachunguze wenzake na kuwashtaki. Mtoto huyo ameonewa kwa kutumia lugha anayozungumza na mama yake. Zaidi ya hayo, herufi za Kiswahili zina sauti zisizobadilika kutoka neno moja hadi jingine, kwa hiyo mtoto anayekijua Kiswahili kwa kusikia hushika kusoma kwa silabi haraka, na akishashika siri ya kusoma, kuihamishia kwenye Kiingereza huwa ni kazi nyepesi zaidi. Shule nzuri inalijua hilo: mwalimu wa awali humweleza mtoto kwa Kiswahili anapokwama, na somo la Kiswahili linafundishwa kwa vipindi kamili na mwalimu anayelipenda. Nimekutana na watoto wa darasa la tano wasioweza kuandika barua ya kirafiki kwa Kiswahili, na Kiingereza chao nacho ni cha sentensi za kukariri. Hiyo si elimu ya kulipia mamilioni.

Umbali. Hapa naomba wazazi wa Dar es Salaam tuambizane ukweli. Mtoto anayeishi Goba au Chanika na kusoma mjini huchukuliwa na basi saa kumi na moja alfajiri na kurudishwa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu dereva analazimika kuzunguka mitaa kumi na tano kabla ya kuingia barabara kuu yenye foleni. Watoto wa umri wa shule ya msingi wanahitaji usingizi wa kati ya saa 9 na 12 kwa siku, na hawa hawaupati. Darasani mtoto anasinzia, mwalimu anaandika kwenye taarifa kwamba hana umakini, na mzazi anatafuta mwalimu wa tuisheni wa kumfundisha saa mbili usiku. Shule ya wastani iliyo umbali wa dakika ishirini kutoka nyumbani, kwa mtoto wa chini ya miaka tisa, naiweka mbele ya shule maarufu iliyo umbali wa saa mbili.

Usalama wa basi hilo nao si jambo dogo. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio katika shule nyingine. Julai 2022 watoto wengine walipoteza maisha Mtwara wakipelekwa shule asubuhi. Kwa hiyo uliza kwa majina na kwa vielelezo: gari lina leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ya kubeba wanafunzi? Limekaguliwa lini? Kila mtoto ana kiti chake, au wanapakatana? Yupo matroni ndani ya gari anayemshika mtoto mkono wakati wa kuvuka barabara na anayehakikisha hakuna aliyesahaulika kwenye kiti cha nyuma? Nenda siku moja asubuhi ukasimame getini uone magari yanavyoshusha watoto. Utakachokiona pale hakihitaji maelezo ya mtu.

Ada nitaipitia haraka. Mjadala wa ada elekezi wa miaka ya 2015 na 2016 uliishia bila Serikali kupanga viwango, kwa hiyo kila shule inaamua yenyewe, na kilichoandikwa kwenye fomu huwa ni sehemu tu ya gharama. Tuseme ada ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka. Ongeza usafiri 700,000, chakula 400,000, sare na sweta 150,000, vitabu na madaftari 120,000, kisha rimu, ziara, mitihani ya ndani na mahafali ya awali 130,000. Umefika 3,100,000, karibu mara mbili ya ulichosoma kwenye fomu. Zidisha kwa mwaka mmoja wa awali na miaka sita ya msingi, unapata shilingi 21,700,000 hata kabla ya ada kupanda, na ni kwa mtoto mmoja. Dai orodha ya michango yote kwa maandishi kabla ya kulipa usajili. Mtoto anayehamishwa darasa la tatu kwa sababu fedha zimekata huumia zaidi ya yule aliyeanza shule ya gharama nafuu na kuimaliza.

Mwisho kwa leo ni usajili. Shule ya msingi iliyosajiliwa ina namba inayoanza na herufi EM, na Ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya halmashauri inaweza kukuthibitishia. Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, na usajili huo haukipi ruhusa ya kuendesha darasa la kwanza. Wapo wanaoanza na kituo, wakaongeza darasa la kwanza, la pili, la tatu, na mzazi anakuja kugundua mtoto anapofika darasa la nne kwamba inabidi asajiliwe kwa upimaji kupitia shule nyingine.

Karibuni kwa michango.

Baba wa Mapacha

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika kwa utulivu na nimejifunza mengi, hasa hesabu ya darasa la nne na la saba. Nimeijaribu kwa shule tatu za maeneo ya Tabata na Kinyerezi, na mojawapo imenishtua. Lakini kuna mahali sikubaliani nawe. Matokeo ya mwisho yana maana. Mtoto akimaliza shule ya msingi atafanya usaili wa kuingia sekondari binafsi au atapangiwa na Serikali kwa ufaulu wake, na shule yenye utamaduni wa kusoma kwa bidii humjengea mtoto nidhamu tangu akiwa mdogo. Ukiyaweka matokeo pembeni kabisa, unampa nafasi mwenye shule mzembe kujificha nyuma ya maneno matamu ya "tunamlea mtoto kwa ujumla wake".

Mwanzisha uzi

Baba wa Mapacha, nakushukuru, na sehemu ya hoja yako naikubali. Shule ambayo watoto wake wengi wanapata D na E haiwezi kutetewa kwa maneno ya malezi, na mimi nisingempeleka mtoto huko. Ninachosema ni mpangilio wa maswali. Kati ya shule mbili zenye wastani wa B, moja ikiwa imewafikisha mwisho watoto wake wote na nyingine ikiwa imebakiza theluthi mbili, ya kwanza ndiyo iliyofundisha. Na hata kati ya shule ya wastani wa A yenye mchujo na ya wastani wa B isiyo nao, bado nitachagua ya pili kwa mtoto wa miaka sita, kwa sababu ile ya A haijanionyesha bado kwamba inaweza kumfundisha mtoto anayechelewa kuelewa. Kuhusu nidhamu ya kusoma, naiona ikijengwa na mtoto kupenda kitabu darasa la pili kuliko kambi za usiku za darasa la saba.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, shule za Serikali na za binafsi, na ninataka kuongeza mambo ambayo mzazi haoni.

La kwanza ni siku ya kutembelea. Siku ya wazi shule hupambwa, watoto hufundishwa mashairi na walimu huvaa sare. Njooni Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi, bila kutoa taarifa. Mkifika, ombeni kwenda chooni, na msiende choo cha walimu. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, lakini zaidi ya idadi tazameni kama mtoto wa awali anaweza kulifikia bomba la maji na kama mlango unafungika kwa ndani. Watoto wadogo wengi hubana haja siku nzima kwa sababu ya hofu ya choo, na mama anakuja kushangaa nyumbani.

La pili ni usaili wa watoto wadogo. Kumpa mtoto wa miaka mitano karatasi ya maswali arobaini na kumkataa kwa sababu hakuandika jina lake la tatu ni kumpima mzazi, maana kinachoonekana pale ni kama nyumbani kuna mtu aliyemfundisha. Mwalimu anayejua kazi yake humkalisha mtoto, akazungumza naye, akamwachia vitu vya kuchezea na kuona anavyovishika, anavyosikiliza na anavyowasiliana. Akigundua mtoto hasikii vizuri au anasogeza karatasi karibu mno na macho, atawaambia mapema, na hilo lina faida kubwa kwa mtoto kuliko alama ya usaili.

La tatu linanikera sana: kurushwa madarasa. Mtoto wa miaka minne na nusu anaingizwa darasa la kwanza kwa sababu mzazi anafurahi kumwona amewahi, na shule inakubali kwa sababu ni ada. Vidole vyake havijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu. Darasa la kwanza anakwenda vizuri kwa kukariri, darasa la tatu hesabu zikianza kuhitaji kufikiri anakwama, na hapo analaumiwa yeye.

Na viboko. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Mimi naona mtoto wa awali na wa darasa la kwanza hapaswi kuguswa na fimbo hata kidogo. Mwalimu mkuu akikwambia "hapa hatuchapi", usiishie hapo. Mwulize mtoto wa darasa la tatu uliyemkuta uwanjani, kwa upole, mwalimu akikasirika huwa anafanya nini. Mtoto atakujibu.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, shikamoo, na asante sana kwa mchango huu. Hilo la choo ningeomba kila mzazi alisome mara mbili. Kuhusu usaili, naongeza kwamba mzazi aulize pia shule inamsaidiaje mtoto aliyebainika kuchelewa, maana jibu la "tutamshauri mzazi" mara nyingi ndilo mlango wa kule kwenye mchujo niliouandika mwanzoni.

Mama wa Kimara

Samahanini ndugu zangu, naomba ushauri. Kipato chetu hakiruhusu shule za milioni tatu, lakini shule ya msingi iliyo jirani yetu ina watoto zaidi ya mia kwa darasa. Kuna shule binafsi ya bei nafuu mtaani, ada laki sita, ipo kwenye nyumba ya kupanga. Nyingine iliyoko Kibaha ina bweni na gharama zake zinavumilika. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Dada, swali lako ndilo la wazazi wengi.

Nianze na bweni, maana jibu lake ni fupi. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia Machi mwaka huo. Shule inayokuambia inampokea mtoto wa miaka sita bwenini kana kwamba ni jambo la kawaida inakuonyesha inavyoheshimu maelekezo. Hata pasipo waraka, mtoto wa umri huo hana maneno ya kueleza yanayompata usiku, na moto wa bwenini uliowaua wanafunzi 10 wa shule ya msingi wilayani Kyerwa mwezi Septemba 2020 unatosha kutufanya tuulize milango mingapi, madirisha yana nondo au la, na nani analala na watoto, hata kwa wale wa darasa la tano na kuendelea.

Shule ya laki sita usiikatae kwa sababu ya nyumba ya kupanga peke yake. Nenda na maswali yaleyale: namba ya usajili, walimu wa darasa la kwanza na la pili, madaftari, kitabu kigeni, choo. Zipo shule ndogo ambazo mwenye shule mwenyewe ni mwalimu wa madarasa ya chini na anajua jina la kila mtoto; hizo ni hazina. Kama haina usajili, achana nayo hata kama mwalimu ni mzuri.

Njia ya tatu ambayo wazazi wengi huisahau ni shule za Serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Hapa Dar es Salaam Olympio, Diamond na Bunge zimekuwepo kwa miaka mingi, na halmashauri mbalimbali zimeendelea kuanzisha nyingine. Michango yake kwa kawaida ni midogo kuliko ada za shule binafsi. Nafasi hujaa mapema, kwa hiyo fika Ofisi ya Elimu Msingi ya manispaa yako mapema, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, uulize ni ipi iliyo karibu nawe na fomu hutolewa lini.

Na kama yote hayo yakishindikana, ile shule ya jirani yenye watoto zaidi ya mia isikukatishe tamaa kabisa. Elimu pale haina ada tangu mwaka 2016, na hizo laki sita zinaweza kununua vitabu vya hadithi na kumlipa mwalimu mmoja mwaminifu amfundishe mtoto kusoma, saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa miaka miwili ya mwanzo. Mtoto anayejua kusoma vizuri akifika darasa la tatu anaweza kuhimili darasa lenye watu wengi. Asiyejua kusoma hupotea humo kabla mtu hajamwona.

Baba wa Mapacha

Nina swali moja la mwisho. Mmoja wa watoto wangu yuko darasa la pili katika ile shule iliyonishtua. Anasoma vizuri tu. Nimhamishe?

Mwanzisha uzi

Kama anasoma vizuri, anakwenda shule kwa furaha na hapotezi saa nyingi barabarani, usimhamishe kwa sababu ya hesabu za kwenye tovuti. Nenda kazungumze na mwalimu mkuu, muulize waziwazi wastani wa kupanda darasa ni upi na mtoto asiyeufikia hufanywa nini, na umwombe akujibu kwa maandishi au akuonyeshe kanuni za shule. Jibu likikutia shaka, mwisho mzuri wa kuamua ni Desemba ya darasa la tatu, kwa sababu mwaka unaofuata atasajiliwa kwa upimaji wa taifa, na uhamisho wa katikati ya darasa la nne huleta usumbufu mwingi. Ukiamua kuhama, hakikisha shule inakamilisha uhamisho wake kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na unaondoka na namba yake ya humo pamoja na taarifa zake za maendeleo za mihula yote, maana kuna shule hushikilia vitu hivyo mzazi anapodaiwa hata kiasi kidogo. Maliza deni kwanza, chukua risiti, kisha ndipo uombe barua ya uhamisho.